Bahasha za Ya Léopold

Kaka yangu Léopold hakuona hata bahasha moja kati ya zote alizokusanya. Surua ilimpofusha akiwa mtoto mdogo, kabla mimi sijazaliwa. Nyumbani tulimwita Ya Léo, kama sisi watu wa Katanga tunavyomwita mkubwa wetu. Alitutoka wakati wa mvua zilizopita, hapa Nchelenge, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea na kumwelezea mambo kwa miaka mingi, naona kazi ya kumwandika ni yangu.

Bahasha zenyewe hazikuwa za barua za kawaida. Nchi ikitoa tembre mpya, yaani stempu, ya kumkumbuka mtu fulani, posta yao hutoa pia bahasha yenye sura ya mtu huyo upande mmoja, ile tembre upande mwingine, na mhuri wa siku ileile ya kwanza. Wapo watu duniani wanaozikusanya. Wengine hupenda za ndege, wengine za wafalme. Ya Léo alikusanya za wale waliofungua njia ya shule kwa vipofu, viziwi na vilema. Ya kwanza alipewa na Sœur Godelieve, mtawa aliyemfundisha kusoma kwa vidole. Nyingine alizipata kwa kuandika barua kwa marafiki wa yule mtawa, barua za nukta, na barua za vipofu husafiri bure, hazilipiwi. Jambo hilo lilimfurahisha kupita kiasi.

"Beye benye macho balipe," alikuwa akisema. "Miye napita tu, kama mukubwa."

Alikuwa na Valentin Haüy, yule wa Paris aliyefungua shule ya vipofu. Alikuwa na Abbé de l'Épée, padri aliyefundisha viziwi kwa lugha ya mikono. Alikuwa na Helen Keller pamoja na mwalimu wake. Alikuwa na nyingi za mwaka ule dunia nzima ilipowakumbuka walemavu, kila nchi na picha yake. Alizijua kwa ukubwa, kwa uzito wa karatasi, kwa kona iliyopinda. Lakini sura hakuzijua, kwa hiyo kila mgeni aliyeingia kwetu alilipa kiingilio: alipewa bahasha moja mkononi na kuambiwa aseme anachoona.

Majibu aliyahifadhi kichwani. Marehemu baba alisema yule padri wa viziwi ni mzee mwenye huruma. Mimi nilisema ni mtu aliyekosa usingizi. Blanchard, mfanyabiashara wa samaki aliyekuwa akipita kwetu Pweto zamani, aliigeuza bahasha huku na huku, kisha akasema anafanana na mama mkwe wake.

"Na mama mukwe wako anafananaka na nani?" Ya Léo akamuuliza.

"Na huyu padri, Ya Léo. Nimekuambia."

"Huyu padri iko na sura mingi kupita kinyonga," Ya Léo akasema, akacheka kwa siku kadhaa.

Bahasha moja tu aliiona yeye mwenyewe. Ilitolewa kwa kumbukumbu ya miaka mia mbili tangu kuzaliwa kwa Louis Braille, yule kijana kipofu wa Ufaransa aliyetunga maandishi ya nukta. Chini ya sura, jina lake lilikuwa limechapwa kwa nukta zilizoinuka, imara, kwenye karatasi nene. Hiyo Ya Léo hakumpa mtu. Mgeni akinyoosha mkono aliambiwa, "Hapana, hii ni miye nitakuonyesha weye," naye alipitisha kidole na kutamka jina taratibu, kama anamtambulisha rafiki yake aliyeketi pale.

Mwaka 2017 tulipokimbia vita, hatukubeba bahasha. Mtu anayekimbia na mama mdogo na kaka asiyeona anachagua upesi. Katoni yote tuliiacha kwa Papa Hippolyte, mzee wa sakristia pale Pweto. Tulivuka mpaka, tukapokelewa katika kambi ya Kenani pamoja na wenzetu, tukapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi, na baadaye biashara yangu ya samaki wakavu ilituleta hapa Nchelenge, kando ya ziwa. Tulikuwa watatu: mimi, Ya Léo, na Mama Chouchou, mdogo wake mama yetu, ambaye ndiye aliyetulea. Ya Léo alikuwa amevuka na vitu viwili tu vya kazi yake ya kufundisha vipofu: kibao cha kuandikia nukta pamoja na msumari wake, na Injili ya Luka ya nukta, buku kubwa kama mto wa kulalia.

Kwa vitu hivyo viwili alianza tena kufundisha. Mwanafunzi wake alikuwa Mubanga, Mbemba wa hapahapa, mvuvi aliyepoteza macho ukubwani. Mubanga alijua Kiswahili cha sokoni tu, na Luka ilikuwa ya Kifaransa, lakini aliitamka herufi kwa herufi kwa sauti ya kuita mitumbwi. Majirani walidhani ameingia dhehebu jipya.

"Ba kafundisha," alimwuliza Ya Léo siku moja, akimwita mwalimu kwa lugha yake, "huyu Luka anasema nini?"

"Anasema upunguze sauti."

Kisha ugonjwa wa sukari ukamshika Ya Léo. Ulianza na miguu. Siku moja alikanyaga kaa la moto nje ya jiko, akaendelea kusimama palepale akiongea, mpaka Mama Chouchou akasikia harufu. Muuguzi wa kituo cha afya alimweleza bila kumficha: ugonjwa huu unaua hisia, unaanza chini, na kwa wengine unapanda mpaka mikononi.

"Miguu ichukue," Ya Léo aliniambia tukirudi. "Nitatembea na fimbo, nilizoea. Lakini vidole, Noëlla. Vidole hapana."

Tangu siku hiyo nilimwona kila asubuhi akisugua ncha za vidole kwenye kidole gumba, kimoja kimoja, kama mtu anayepima unga. Alikuwa na shaka, na shaka yake haikuwa na pa kupimwa. Luka alimjua kwa moyo. Nukta za buku lile zilikuwa zimesagika kwa miaka ya kusomwa, na hata pale kidole kilipokosa herufi, kichwa kiliijazia. Hakujua tena kama anasoma au anakariri. Na karatasi tulizokuwa nazo za kuandikia zilikuwa za daftari la shule, laini. Nukta zilizama zenyewe kabla hajamaliza mstari. Akikosa kuzisikia, alibaki akijiuliza: ni karatasi, au ni mimi?

Ndipo akaanza kuitaka ile katoni.

"Ile ya Louis Braille," alisema. "Nukta zake ni nguvu. Ile ndiyo itanipima. Kama nayisikia, basi, nitatulia. Kama siyisikii, nitajua."

Nilimpigia simu Papa Hippolyte. Alikuwa hai, na katoni ilikuwa kavu chini ya kabati la mavazi ya misa. Aliipandisha kwenye lori la kwenda Kilwa, ile ya Katanga iliyo ukingoni mwa ziwa, na huko ikapokelewa na Blanchard, yule wa mama mkwe, ambaye bado alikuwa akivuka ziwa na samaki na bidhaa. Ya Léo alijua siku gani boti inaondoka, na kwamba itapita kisiwa cha Chisenga kuchukua samaki. Siku hiyo hakula mchana. Alikaa upande wa njia, amegeuza sikio.

Blanchard alifika kwa miguu kutoka bandarini na katoni begani. Nguo zilikuwa zinamtiririka.

"Ya Léo, usinihukumu," alisema kabla ya salamu. "Ziwa limetucheza toka Chisenga. Turubai yangu nimeivalisha karto, miye nikabaki vile Mungu aliniumba. Lakini maji iliingia kwa chini."

"Weye uko muzima?"

"Niko."

"Basi ikala chini. Tutayanika."

Nilifungua. Marehemu baba alikuwa amezipanga zamani ndani ya mifuko ya plastiki, na nyingi zilikuwa salama kiasi, lakini maji yalikuwa yamepenya hapa na pale. Karatasi zilikuwa laini kama majani ya muhogo yaliyochemshwa. Ya Louis Braille ilikuwa imelowa pembeni tu. Ya Léo alinyoosha mkono, nikamwambia asiguse kwanza, karatasi ikiwa mbichi vidole vinaichubua. Akaurudisha mkono mapajani, mtiifu.

Asubuhi yake tulitandika kitenge safi nje. Meza ya kuanikia dagaa, chisense kwa huku, ilikuwa karibu zaidi, lakini Ya Léo alikataa. "Musilalishe Louis Braille na chisense," alisema. Tukaziweka moja moja, na kokoto ndogo kila kona, na Mama Chouchou akakaa kando na tawi la mti kufukuza kuku. Mimi nilikuwa na mzigo wa kupeleka Kashikishi sokoni. Nikaenda.

Sasa nimweleze Mama Chouchou na pasi yake, maana asiyeishi huku hataelewa.

Huku kwetu kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje. Nguo ikivaliwa hivyo, mayai yanapata joto la mwili, na baada ya siku chache funza anaota chini ya ngozi, na uvimbe wake unafanana na jipu. Dawa ni moja: kitu chochote kilichokauka nje kipigwe pasi kabla hakijagusa mtu. Tulipokuwa Kenani hatukuwa na pasi, na Ya Léo alipatwa na funza mgongo mzima. Alidhani ni joto. Hakuweza kuona, na sisi hatukuangalia. Mama Chouchou alimkamua mmoja mmoja kwa mafuta, akilia chinichini, na alipopata hela yake ya kwanza ya mahindi hakununua sufuria, alinunua pasi ya makaa. Tangu hapo alipiga pasi kila kitu: mashuka, taulo, soksi, kitambaa cha kufunikia mkate. Nimewahi kumkuta akipiga pasi kamba ya viatu.

Niliporudi kutoka Kashikishi, bahasha zilikuwa ndani, zimepangwa kwa ukubwa, zimenyooka kama noti mpya. Zilikuwa vuguvugu.

"Mama, umefanya kazi ya posta," nilimwambia.

"Zilikuwa zimejikunja kama samaki ya kukaangwa," alijibu. "Sasa mutoto wangu atashika bintu visafi."

Nilimshukuru. Kwa kweli zilipendeza. Wala mimi sikuwaza zaidi ya hapo.

Jua lilipopungua ukali tuliketi barazani. Mubanga alikuwepo, amekuja kwa somo lake. Nilianza kuzitoa na kuzieleza moja moja, na Ya Léo alinisahihisha kwa maneno ya watu waliokwisha kufa. "Baba alisema anatabasamu." "Hatabasamu, Ya Léo." "Basi amechoka kungoja." Alifurahi. Ya Louis Braille aliiacha iwe ya mwisho, kama mtoto anayeficha kipande cha nyama chini ya ugali.

Nikampa. Akaiweka juu ya mapaja, akainyoosha, akapeleka kidole cha shahada cha mkono wa kulia pale chini ya sura, mahali palepale, bila kutafuta.

Kidole kikapita. Kikarudi. Kikapita tena, polepole zaidi. Akabadilisha, akaweka cha kushoto. Kisha akaiinua bahasha mpaka mdomoni, akapitisha midomo, kama alivyokuwa akifanya utotoni mikono yake ikiwa na baridi.

"Hii ni yenyewe?" aliuliza.

"Ni yenyewe."

"Iko na sura yake?"

"Iko, Ya Léo. Na jina, na mhuri."

"Bon," alisema. "Rudisha mu karto. Nimechoka."

Mubanga alimwuliza kama wanasoma. Alisema kesho.

Kesho yake hakusoma, wala keshokutwa yake. Hakusugua vidole tena asubuhi. Mikono aliiweka mapajani, imegeukia juu, kama mikono ya mtu mwingine aliyoombwa kuishikilia. Nilidhani ni sukari imepanda. Mama Chouchou alimpikia uji wa ulezi, akaunywa, akasema asante, na hakutania kitu. Hapo ndipo tulipoanza kuogopa, maana Ya Léo hakuwahi kunywa uji wa Mama Chouchou bila kuusingizia jambo.

Siku iliyofuata Mubanga aliniita nje ya ua. Alikuwa amekumbatia Luka kwa mikono miwili, na kibao kimening'inia shingoni kwa kamba.

"Ma Noëlla," alisema, "Ba kafundisha amenipatia hii yote. Anasema ni yangu. Mutu anapatia bintu hivi kama anataka kusafiri. Anasafiri wapi?"

Nilirudi ndani, nikakaa chini karibu na kiti chake.

"Ya Léo, kwa nini umetoa buku?"

"Vidole vimekufa," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ya kulia, ya kushoto, na mudomo pia. Nimemutafuta Louis Braille, hayuko. Muuguzi alisema itapanda. Imepanda. Mubanga iko na vidole vizuri, vimezoea nyavu. Buku ibaki na mutu anayeisikia."

Mtu huyu alikuwa amepoteza macho, na nchi, na miguu nusu, na kila mara alibaki na mzaha mmoja wa kutupa. Sasa alikuwa amekaa tu. Nikainuka, nikachukua ile bahasha kutoka kwenye katoni, sijui kwa nini, labda nilitaka kumgombeza Louis Braille. Nikatoka nayo juani.

Niliinamisha ili mwanga uipige kwa upande. Sura ilikuwepo, mhuri ulikuwepo. Pale chini palipokuwa na nukta palikuwa na vivuli vidogo tu, kama makovu ya tetekuwanga kwa mtu mzima. Nikapitisha kidole changu. Palikuwa laini. Nikafumba macho, nikapitisha tena. Hakuna kitu.

Mama Chouchou alikuwa akichambua maharage. "Unatafuta nini mu ile karatasi?"

"Mama," nilisema, "ulizipiga pasi zote?"

"Zote. Kwa nyuma, na kitambaa juu, kama mablauzi ya kanisa. Sikuunguza hata moja."

"Na hii?"

Akanitazama. Akaitazama bahasha. Macho yake ya karibu yamekwisha, kwa hiyo alifanya kama nilivyofanya mimi, akaweka kidole. Nikaona anaelewa. Ungo wa maharage ukamteleza mapajani, naye hakuyaokota.

Lazima niseme jambo ambalo kwetu kila mtu analijua na hakuna anayelitaja. Ya Léo alipougua surua, bibi alituma majani yachemshwe na kukamuliwa kwenye macho yake mekundu. Aliyekamua alikuwa Mama Chouchou, msichana bado, mwenye mikono myepesi, ndiyo maana alichaguliwa yeye. Surua peke yake ingetosha kumpofusha, muuguzi mmoja alituambia baadaye. Lakini si yule muuguzi aliyeyashika yale majani.

"Macho," alisema Mama Chouchou. "Na sasa vidole."

"Vidole viko vizima, mama. Ni karatasi ndiyo imelala. Twende tumwambie."

Akanishika mkono. "Umwambie ni maji. Karto ililowa, kila mutu anajua. Umwambie maji ilikula nukta. Atajua vidole viko bien, na haitakuwa miye. Noëlla, mwanangu. Haitakuwa miye tena."

Niliwaza, na sitaficha, niliona si vibaya. Ya Léo angepata vidole vyake, na Mama Chouchou angelala. Nilikuwa karibu kukubali pale tuliposikia hodi. Alikuwa Blanchard, amebeba samaki wawili wakubwa, wale waitwao pale, kwenye kamba ya mianzi.

"Hii ni ya Ya Léo," alisema. "Niko na haya ya ile karto. Toka siku ile sina raha. Bibi yangu, mama ya batoto, ananiambia, weye umevusha mifuko ya sukari kavu, umevusha chumvi kavu, karto ya kipofu ndiyo unalowesha. Batu ya bandari banaicheka. Niambieni, iliharibika?"

Nikamtazama Mama Chouchou. Yeye alimtazama Blanchard na wale samaki wake. Kisha akakung'uta maharage kwenye kitenge, akajifunga vizuri, kama anavyojifunga akienda kukomunika kanisani, na akaingia ndani. Tulimfuata mpaka mlangoni.

Alipiga magoti mbele ya kiti, akachukua mikono ya Ya Léo yote miwili.

"Léo. Ni miye."

"Najua ni weye. Unanuka maharage."

"Ile bahasha. Nimeipiga pasi."

Ya Léo aliinua uso.

"Umemupiga pasi Louis Braille?"

"Nimemupiga."

"Na makaa kiasi gani?"

"Pasi yote ilijaa, Léo. Nilifikiri inzi. Nilifikiri utashika, itaingia mu ngozi yako tena, kama kule. Sikuona nukta. Zimelala zote. Noëlla ameshika, miye nimeshika, hakuna mutu anaweza kusikia kitu pale, hata mwenye vidole vya malaika. Si vidole vyako. Ni miye."

Sijui nilitegemea nini. Uso wake ulikwenda mbali kwanza, na nilijua ameipoteza ile bahasha wakati huohuo, ileile pekee aliyoiona kwa macho yake ya vidole. Kisha tumbo likaanza kucheka kabla ya uso.

"Mama Chouchou," alisema, "weye ukinipenda tena kidogo tu, nitabaki na masikio peke yake."

Mama Chouchou alitoa sauti ambayo haikuwa kilio wala kicheko. Aliweka paji la uso juu ya magoti yake. Ya Léo alimpapasa kilemba, akakiweka sawa, maana kilikuwa kimeteleza.

"Ile ya zamani pia," alisema, chini sana, ila nilisikia. "Ulikuwa mutoto. Walikutuma. Tuiache ilale na hii, zote pamoja, sawa?"

Mama Chouchou aliitikia kwa kichwa palepale magotini, na Ya Léo alikisikia.

Blanchard, aliyekuwa bado ameshika samaki, alisafisha koo. "Donc, basi haikuwa maji?"

"Haikuwa maji, Blanchard. Uende ukamwambie bibi yako. Na samaki usirudi nazo," Ya Léo akasema.

Lakini alikuwa hajatulia. Nilimjua. Kama si vidole vilivyokosa, haikumaanisha bado kwamba vidole vipo. Aliomba tumwite Mubanga aje na buku na kibao. Mubanga alikuja akigonga fimbo haraka, na alipoambiwa habari yote alicheka mpaka akaketi chini, halafu akalikumbatia Luka tena.

"Buku sirudishi," alisema. "Kitu kikitolewa kimetolewa. Hata mambo ya chifu iko hivyo."

"Nilitoa nikiwa mugonjwa."

"Ba kafundisha, ulitoa ukiwa na akili yote. Nilisikia sauti."

Luka hakufaa kwa jaribio hata hivyo, kila mtu alijua. Nilitafuta kitu kigumu, nikakata ubavu wa ile katoni, sehemu iliyokauka vizuri, nikampa Mubanga na kibao. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuandika. Aliandika kwa nguvu za kupigilia mbao za mtumbwi. Ya Léo alitakiwa asikilize pembeni, asiambiwe kitu. Tulisikia msumari ukigonga, tok, tok, Mubanga akitafuta nafasi huku ulimi umetoka nje. Ilichukua muda. Mama Chouchou alikuwa ameinuka, amesimama nyuma ya kiti, mkono mmoja kwenye bega la Ya Léo. Blanchard aliweka samaki kwenye beseni bila kelele, kama tuko kanisani.

Mubanga aligeuza katoni na kumpa.

Ya Léo alianza na mkono wa kushoto. Alipita mstari mzima, akatikisa kichwa. Akaupumzisha. Akaleta wa kulia, kidole cha shahada, akakisugua kwanza kwenye shati. Kikagusa. Kikasimama.

"K," alisema.

Mubanga alisogeza sikio karibu.

"I. T." Alirudi nyuma, akahakikisha. "A. B. U." Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Alikwenda herufi kwa herufi, kama mtu anayevuka maji kwa kukanyaga mawe, na kila jiwe lilikuwepo. Alipofika mwisho alirudi mwanzo na kulisoma lote kwa mkupuo mmoja.

"Kitabu ni yangu."

"Ndiyo," alisema Mubanga. "Umesoma weye mwenyewe, mbele ya batu."

Ya Léo alicheka, akafuta uso kwa mkono ule wa kushoto, na kidole cha kulia kikabaki palepale juu ya katoni, hakutaka kukitoa. Jioni yote alikisoma kile kipande cha katoni. Mkono wa kushoto haukuamka tena; muuguzi alikuwa amesema kweli kwa upande huo. Wa kulia ulimtosha mpaka mwisho. Buku walilitumia wawili, wakigombania zamu, na Mama Chouchou alikuwa akiketi karibu yao na maharage yake, akimwomba Ya Léo asome kwa sauti ingawa mama mwenyewe hajui Kifaransa, naye alimsomea, kidole kimoja kikitembea.